Daftari la Kuagana

Kanisa letu halikuwa kubwa wala halikuwa na kengele, lakini lilikuwa na daftari. Mtu wetu alipokaribia kukata roho, kina mama wawili walikaa naye, na mmoja wao alishika kalamu. Neno la mwisho ambalo mgonjwa alimwambia Mungu wake liliandikwa pale, na siku ya maziko lilisomwa makaburini kabla udongo haujarudishwa. Tuliliita daftari la kuagana. Kwa miaka ishirini na sita mwandishi wake alikuwa mama yangu.

Watu waliyajua maneno ya daftari lile kwa moyo. Bibi mmoja muuza mkaa alikuwa amesema anauona mlango umeachwa wazi, wala hahitaji kubisha. Dereva wa lori aliyepondeka miguu alisema mikono iliyomuumba haijamwangusha hata mara moja. Waliofiwa walirudi nyumbani na maneno hayo kama watu waliofungiwa chakula cha njiani, na kulikuwa na utani kanisani kwamba kufa si kazi, kazi ni kufa siku ambayo mama yangu amesafiri.

Mimi nilikuwa nimetoka katika kanisa hilo tangu nikiwa na miaka kumi na minne. Baba alipokufa nilikuwa nimesimama mlangoni mwa chumba, na nilimsikia vizuri. Alisema, "Fungeni dirisha." Basi, hakuongeza neno. Siku mbili baadaye, makaburini, mama alifungua daftari akasoma kwa sauti yake ile nzuri kwamba mumewe ameaga kwa kusema anakwenda kwa yule anayempenda, na tusimlilie. Watu wakaitikia, wakalia kwa furaha. Mimi nikatazama viatu vyangu. Jumapili iliyofuata sikwenda, wala iliyofuata, na mama hakuniuliza sababu, nami sikumwambia.

Niliamua kwamba uongo hautatoka kinywani mwangu, uwe mkubwa au mdogo, na nikatafuta kazi inayofanana na uamuzi huo. Mimi ni fundi mizani. Kibanda changu kiko nyuma ya soko. Nina meza ya chuma, koleo, brashi za kuondolea kutu, na kisanduku cha mbao chenye mawe ya mizani, kuanzia la kilo ishirini hadi vipande vya bati ambavyo huvishika kwa kibano, maana jasho la kidole nalo lina uzito wake. Wenye maduka wananiita Gramu, na hawaniiti hivyo kwa mapenzi.

Siku dada yangu alipokuja kunifuata, muuza nyama alikuwa amesimama mbele ya meza yangu akinibembeleza. Alitaka mizani yake niiachie gramu hamsini upande wa mwenye duka, hamsini tu, jambo ambalo hata Mungu hulifumbia jicho. Nilimwambia aende kwa huyo Mungu amtengenezee.

"Wewe Gramu," alisema akicheka, "mama yako akikuuliza kama chai yake imekolea, utaomba kwanza sukari ipimwe."

Nilicheka pamoja naye. Nilijivunia jina lile, sitaficha. Dada alisubiri muuza nyama aondoke. Yeye hufundisha watoto wadogo, na vidole vyake vilikuwa bado vyeupe kwa chaki.

"Mama ameacha kusali," alisema.

Nikamwambia mama anaumwa, amechoka. Alitikisa kichwa. Alieleza kwamba jana alianza kumwombea, mama akamkatisha na kumwambia asijisumbue, hakuna anayesikiliza. Kisha mama akaniulizia mimi. Si mchungaji, si shangazi. Mimi.

Mama alikuwa na kisukari kwa miaka mingi. Kilianza kumla macho, hata miaka miwili kabla ya hapo akalazimika kumkabidhi daftari mwanamke mwingine. Kikaja miguuni. Siku moja alikanyaga kaa la moto jikoni, akajua kwa harufu. Mwisho zikaja figo, na daktari akatuita mimi na dada ukumbini, akatuambia tumpeleke nyumbani akalale kitandani pake. Alituambia pia kwamba ganzi ya miguuni itafika mikononi, na masikio yanaweza kuwa mazito. Tulielewa. Tulipanga zamu kama walinzi.

Nilipofika nyumbani kwa mama nilimkuta aliyerithi daftari ameketi kwenye kigoda kando ya mlango wa chumba. Tulimwita Fundi Cherehani, kwa kuwa ndiye aliyeshona majoho yote ya kwaya. Utepe wa kupimia haukutoka shingoni mwake hata kwenye misiba. Alikuwa anapinda upindo wa sketi huku daftari amelikalia lisipeperushwe.

"Mwanangu, wiki nzima hajasema kitu," alininong'oneza. "Lakini mimi namwelewa. Anachagua. Mtu aliyeandika ya watu sabini na mmoja hawezi kuropoka."

Mama aliita kutoka ndani, akamtuma fundi akanunue uzi. Fundi akasema uzi anao. Mama akasema akanunue mwingine, na Fundi Cherehani, ambaye si mjinga, alivaa kandambili zake akatoka.

Chumba kilikuwa na kitanda cha chuma, kiti cha plastiki, beseni, na dirisha lenye wavu ambalo jua la alasiri liliingilia. Mama alikuwa ameegemezwa kwenye mito mitatu. Macho yake yalitazama mahali ambapo mimi sikuwapo.

"Ni Gramu huyo?"

"Ni mimi, mama."

"Umekuja kunipima? Nimepungua, nakuambia mapema." Alipapasa blanketi mpaka akakipata kiti, akakigonga. "Kaa. Nataka kuongea na wewe kwa sababu wewe ni mkorofi. Wakorofi hawabembelezi wagonjwa."

Nikakaa.

"Baba yako alisema nini?"

Niliuhisi ulimi wangu mzito kama jiwe la kilo ishirini.

"Ulikuwepo," alisema. "Ulisimama pale mlangoni na kaptula ya shule. Alisema nini?"

"Alisema fungeni dirisha."

Mama alishusha pumzi. "Kumbe ulisikia. Ndiyo maana ulitoka."

"Ndiyo."

"Miaka yote hii. Na hukumwambia mtu."

"Ningemwambia nani?"

Alicheka, kicheko kikavu kilichogeuka kikohozi, na nikamshikia beseni. Alipotulia alianza kueleza, na alieleza bila kupumzika, kama mtu anayetua mzigo kichwani na kujua hataweza kuubeba tena. Si baba peke yake. Kati ya wale sabini na mmoja, waliomtaja Mungu kwa vinywa vyao hawakujaza vidole vya mikono miwili. Bibi muuza mkaa alimwita binti yake aliyekuwa amekufa utotoni, akamwita mpaka sauti ikakatika. Dereva wa lori alimtukana tajiri wake kwa matusi ambayo mama hakuweza hata kunirudia. Wengine waliomba maji. Wengi hawakusema lolote, walikoroma tu. Na mama kila mara alirudi nyumbani, akakaa kwenye meza ya jikoni, akaandika kile ambacho aliamini wangesema kama wangekuwa na nguvu.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Ya mama yangu ilikuwa na urefu wa miaka ishirini na sita, na watu wengi walikuwa wameifuata wakiimba.

"Kwa nini, mama?"

"Niliona aibu kwa niaba yake." Alinyoosha kidevu kuelekea darini. "Watu wamemtumikia tangu ujana, halafu anawaacha wanakufa wakitafuta pa kutapikia. Nikasema nimsaidie kidogo. Nikasema mapenzi yake yapo, ila kwa watu hawa yamechelewa njiani, basi mimi nitayaandika kabla hayajafika. Sasa nimelala hapa nayangoja yale maneno yangu. Kila asubuhi nasema leo yatakuja. Namwita, naisikia sauti yangu mwenyewe. Nimepika mwenyewe, nimepakua mwenyewe, nikawaambia watu tumeletewa."

Niliushika mkono wake, nao ukavifunga vidole vyangu viwili kwa nguvu ndogo iliyobaki.

"Wewe hujawahi kunidanganya," alisema. "Hata ulipovunja kioo cha shangazi yako ulikuja mwenyewe ukachapwa. Basi niambie. Ananipenda?"

Nimelirudia swali lile mara nyingi kuliko swali lolote maishani mwangu. Ningeweza kusema ndiyo. Neno moja jepesi, ambalo watu husemeana sokoni bila kufikiri. Fundi Cherehani angelisema, mchungaji angelisema na kuliongezea mifano mitatu. Lakini nilikuwa Gramu. Nililipima lile neno moyoni nikaona sina cha kuweka upande wa pili.

"Sijui, mama."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa majibu ya hospitali ambayo alikuwa ameyajua.

"Mimi nakupenda," nilisema haraka. "Hilo nalijua."

"Wewe najua. Wewe nakuhisi hapo." Akavibana vidole vyangu. "Yeye simhisi. Nimewaambia watu wote kwenye vitanda vyao, mbebwa hujikaza, jikaze, mshikilie Bwana. Mimi leo sina mkono wa kujikazia."

Kisha aliomba nimlaze kwa ubavu, autazame ukuta ambao hakuuona.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Mchungaji alikuja akahubiri kwa muda mrefu juu ya lile andiko la kwamba hakuna kitu mbinguni wala duniani kinachoweza kututenga na pendo la Mungu, na mama alimwambia asante kwa sauti ya mtu aliyepokea bidhaa ambayo hakuiagiza. Kwaya ikaja, ikaimba uani. Aliomba mlango ufungwe. Nje wakasema mama anaonja utukufu, hataki kelele za dunia. Dada alikwenda jikoni akalia juu ya sufuria. Na Fundi Cherehani aliendelea kupinda upindo kwenye kigoda chake, akimaliza sketi hii na kuanza ile, kalamu ikiwa tayari nyuma ya sikio.

Mimi nilijaribu kujifunza kudanganya. Sitanii. Nilisimama kibandani mbele ya mizani zilizosubiri kutengenezwa na kusema kwa sauti, "Anakupenda, mama." Sauti ilitoka ya bandia hata mimi ningeirudisha kwa mwenyewe. Nikajaribu tena kwa upole zaidi. Nikajaribu nikiwa nimefumba macho. Muuza nyama alichungulia akauliza ni mama wa nani ninayemchumbia binti yake, na nikamrushia brashi.

Alipoondoka nilifunga mlango. Nikaweka mikono mezani, na kwa mara ya kwanza tangu nilipokuwa na miaka kumi na minne nikamsemesha Mungu. Sikupiga magoti. Nilimwambia, "Kama upo, jitokeze. Huyu mwanamke amekusingizia mema kwa miaka ishirini na sita. Fanya moja tu kati ya hayo liwe kweli. Moja." Nikangoja. Nilisikia mtu nje akipanga makreti ya soda, nilisikia bati likilia kwa joto. Hakuna kingine. Nikachukua mizani ya muuza nyama nikaitengeneza, ikawa sawasawa hadi gramu ya mwisho, na sijawahi kuichukia kazi yangu kama siku ile.

Ganzi ilipanda kama daktari alivyosema. Siku moja dada alimpa kikombe cha uji, mama akakishika kimeinama, uji wa moto ukatiririka kwenye vidole, na uso wake haukubadilika. Tukaanza kumnywesha kwa kijiko. Masikio nayo yakawa mazito. Tulisema jambo mara tatu, mara ya nne akajibu jambo jingine. Aliongea mara chache. Kila nilipokaa naye nilidhani ataniuliza tena lile swali, nikawa na hofu nalo, nikawa pia na hamu nalo, kwa sababu nilikuwa nimeamua kwamba akiniuliza tena nitasema ndiyo na jina langu life. Hakuniuliza. Nilikuwa nimekwisha kumjibu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Dada alikuwa shuleni. Nilifika saa tatu asubuhi, nikamkuta anahema kwa mbali, pumzi moja, kisha kimya, kisha nyingine. Fundi Cherehani alikuwa ameacha kushona. Nikasogeza kiti cha plastiki mpaka kikagusa kitanda, nikachukua mkono wa mama nikauweka kati ya mikono yangu miwili. Ulikuwa wa baridi na mwepesi. Sikuuachia tena. Fundi alitaka kuniletea chai, nikakataa ili nisiuachie. Nzi alinitua usoni, nikamwacha.

Ilipokaribia saa tano, mama alifumbua macho.

"Gramu," alisema.

"Nipo, mama."

"Gramu. Uko wapi?"

"Nipo hapa. Nimekushika mkono."

Aligeuza kichwa upande mmoja, akakigeuza wa pili. Niliubana mkono wake hadi nikaihisi mifupa. Niliinama sikioni nikasema, kisha nikapaza sauti, kisha nikaita kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya barabara. Fundi Cherehani alisimama. Mama hakusikia. Hakuhisi. Mkono wake ulikuwa mikononi mwangu kabisa, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyeamka akakuta nyumba tupu.

"Naye ameondoka," alisema taratibu.

Nilipanda kitandani. Nikamwinua, nikamwegemeza kifuani pangu. Mimi hukadiria uzito bila mizani, ni ugonjwa wa kazi, na hata wakati ule niliukadiria: hakufika kilo thelathini na tano. Nikaweka shavu langu kwenye shavu lake. Nilikuwa nalia na machozi yangu yakamlowesha, na nilisema nipo, nipo, nipo, sijui mara ngapi.

"Uko wapi?" alisema tena. Baada ya hapo pumzi ilitoka, nikaingoja irudi, haikurudi.

Fundi Cherehani alianza kulia kwa ndani, utepe ukitetemeka shingoni. Alikaa kwenye kigoda, akaliweka daftari magotini, akalifungua, akabaki anautazama ukurasa mtupu. Hatimaye aliniuliza kwa sauti ya chini aandike nini. Alisema mwaka jana mama aliwahi kumwambia jambo zuri kuhusu neema, na jambo hilo analikumbuka neno kwa neno, na hakuna mtu atakayejua.

"Andika alivyosema," nilimwambia. "Naye ameondoka. Uko wapi."

"Mwanangu, hayo hayasomeki makaburini. Watu watakufa moyo."

"Andika."

Aliandika, na kila herufi ilimtoka kama jino. Alipotaka kulifunga nikamzuia.

"Hujamaliza. Chini yake andika kwamba nilikuwepo. Andika tangu saa tatu nilikuwa nimemshika mkono wala sikumwachia. Aliponiita nilimwitikia. Aliponiuliza niko wapi mara ya mwisho alikuwa kifuani pangu. Andika kwamba hakujua."

Kalamu yake ilisimama. Alinitazama mimi, akautazama mkono wa mama ambao ulikuwa bado ndani ya wangu. Mimi nilikuwa nimeyasema kwa hasira, kama mtu anayedai jina lake lisafishwe. Sikuwa nikifikiria chochote cha mbinguni. Yeye aliona kabla yangu. Nilimwona akiona.

"Hakujua," alisema polepole, "na ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Wakati wote."

"Nimekwambia, fundi. Wakati wote."

Aliinamisha kichwa akaandika kwa muda mrefu, machozi yakidondoka kwenye karatasi naye hayafuti. Alisema hilo atalisoma. Alisema atalisoma hata mchungaji akikataa, na kwamba bibi muuza mkaa, na dereva, na mume wake mwenyewe aliyekufa bila neno, kwao wote atalisoma.

Sijui kama nilichompa ni kitu au si kitu. Najua mambo mawili tu, na yote mawili nitayaapia popote: nilikuwa nimemshika, na alikufa akidhani nimeondoka. La kwanza halilifuti la pili. Ningetoa kibanda, na mawe yote ya mizani, na jina langu, ili ajue kwa dakika moja.

Dada alifika na chaki yake vidoleni. Wanawake wa kanisa wakaingia na maji na kanga safi. Waliniambia kwa upole kwamba sasa niuachie mkono, waanze kumwosha.

Niliwaambia bado.